Matairi Makubwa, Usukani Ule Ule

Mvua ikikaribia, barua zinazotufikia huwa na swali moja lenye sura nyingi: nimelivalisha gari matairi makubwa ili lisikwame, sasa usukani umekuwa taabu. Tumechagua barua saba. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu nusu ya majibu ya nyingine yamo humo; wenye Jimny na Defender pia waanzie hapo.

Ninunue pampu kubwa?

*Nina Land Cruiser 79 ya kubeba viazi na maziwa kutoka Kuresoi hadi Molo. Nilitoa 7.50R16 nikaweka 285/75R16 kwenye rimu pana, pamoja na springi za kuinua gari milimita 50. Tangu hapo stiaringi ni nzito gari likisimama, inanirusha mkono nikigonga jiwe, na barabarani gari linatangatanga. Fundi ananiambia ninunue pampu kubwa ya stiaringi. Ninunue?*
Mkulima, Molo

Weka pesa mfukoni kwanza. Umetaja dalili tatu, na kila moja ina chanzo chake. Pampu inahusika na moja tu, ule uzito wa gari likisimama, na hata hapo huenda haina kosa. Ukiifunga pampu yenye nguvu juu ya viungo vilivyolegea, utakuwa unausukuma ule ulegevu kwa nguvu zaidi.

Anza na ulegevu, ile mafundi wetu huita plei. Gari liwe chini kwa magurudumu yote, hendibreki juu, gia huru, mawe nyuma ya matairi, injini ikinguruma. Mtu mmoja akae kwenye kiti auchezeshe usukani kushoto na kulia, robo mzunguko tu, bila kupumzika. Wewe ingia chini na tochi ufuate nguvu inavyoshuka: kiungo cha shafti ya usukani, boksi la stiaringi, pitimani (mkono unaotoka chini ya boksi), rodi ndefu inayotoka kwenye pitimani hadi gurudumuni, kisha tairodi inayounganisha magurudumu mawili. Shika kila kiungo, kidole kimoja upande huu na kimoja upande wa pili. Plei ambayo jicho haliioni, vidole vinaihisi. Tazama pia boksi lenyewe: likicheza pale lilipofungwa kwenye chesisi, bolti zimelegea au chesisi imepasuka. Rangi iliyofanya mstari mwembamba wenye kutu karibu na bolti ndiyo ishara ya ufa.

Sasa inua mbele kwa jeki na uweke stendi. Shika gurudumu juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki ujaribu tena. Plei ikipotea breki ikikanyagwa, ni beringi za gurudumu. Ikibaki, ni beringi za kingpini, zile za juu na chini ambazo gurudumu hugeukia. Mafundi wengi huruka jaribio hili, kisha beringi za gurudumu zinabadilishwa mara mbili na gari bado linacheza.

Wakati bado liko juu, zima injini na ugeuze usukani kwa mkono kutoka mwisho hadi mwisho. Ukiwa mzito hata magurudumu yakiwa hewani, huo ni msuguano wa kingpini zilizokazwa mno au kiungo cha shafti kilichoshika kutu, na hakuna pampu itakayoondoa hilo. Ukiwa mwepesi hewani lakini mzito chini, shusha gari, washa injini, jaribu ikiwa polepole kisha ukanyage mafuta kidogo hadi mizunguko 1,500 hivi kwa dakika. Ukilainika, angalia mkanda unaoteleza, oili iliyopungua au pampu iliyochoka. Usipolainika, shaka inahamia kwenye boksi.

Na upepo je? Tairi la 285 lina upana wa milimita 285, la 7.50 lina inchi saba na nusu, kama milimita 190. Ukilipunguzia upepo ili likamate tope la Kuresoi kisha ukageuza gari likiwa limesimama sokoni Molo, unasugua mpira mwingi mno ardhini. Rudisha upepo ukifika lami, na uzoee kugeuza usukani gari likitembea, hata kwa mwendo wa kobe. Hilo peke yake hupunguza mzigo wa boksi kuliko kifaa chochote utakachonunua.

Kuhusu kurushwa mkono, wengi hulaumu urefu wa tairi. Kosa kubwa liko kwenye rimu. Chora mstari wa kufikirika kupitia kingpini hadi ardhini. Kutoka pale mstari unapogusa ardhi hadi katikati ya tairi ndiyo fimbo ambayo jiwe huishika kukupokonya usukani. Tuseme fimbo hiyo ilikuwa milimita 20, kisha rimu mpya zikasogeza gurudumu nje milimita 30. Sasa ni 50. Jiwe lile lile, kwa kasi ile ile, linaisukuma tairodi kwa nguvu mara mbili na nusu. Tairi refu kwa upande wake huifupisha fimbo kidogo: kingpini iliyoinama digrii 10, ukiinua kitovu cha gurudumu milimita 30, hupunguza kama milimita 5. Kwa hivyo kama unaweza kupata rimu zisizotoka nje sana, badilisha hizo kabla ya kitu kingine. Spesa za kusukuma gurudumu nje zitoe leo.

Gari kutangatanga ni suala la kasta, yaani vile kingpini inavyolalia nyuma ukilitazama gari kutoka ubavuni. Ndiyo inayorudisha usukani katikati ukiuachilia. Gari lenye springi za koili na mikono mirefu mbele, kama lako ikiwa ni la tangu 1999, likiinuliwa milimita 50 hupoteza kadiri ya digrii 2, na Land Cruiser hazina kasta nyingi za kupoteza. Dawa ni bushi za kasta, zenye tundu lisilo katikati, au sahani za kushusha mikono hiyo. Peleka gari kwa alainimenti penye mashine inayosoma kasta, udai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Mwenye gereji asiyeweza kukupa karatasi hajapima kitu.

Boksi lenyewe lina skrubu ya kurekebisha juu yake, yenye nati ya kufungia. Ndiyo kishawishi cha kila fundi mwenye haraka. Boksi limetengenezwa kubana kidogo katikati na kulegea pembeni, kwa hivyo kipimo hufanywa magurudumu yakitazama mbele, rodi ikiwa imeachanishwa na pitimani, na skrubu ikizungushwa kidogo kidogo, sehemu moja ya nane ya mzunguko kwa wakati. Ikizidi, usukani haurudi wenyewe baada ya kona na meno ya ndani huanza kulika. Boksi la namna hiyo, likilegea tena miezi sita baadaye, halina tena cha kukazwa.

Mwisho kwako: mkono wa nako (kichwa cha ekseli kinachogeuka na gurudumu) umefungwa kwa stadi (bolti zisizo na kichwa) na vikombe vya koni. Matairi mazito huzilegeza, kisha hukatika zote pamoja, na gurudumu moja linaenda linakotaka. Zitoe zote, safisha grisi kwenye nyuzi, badilisha iliyovutika, kaza kwa spana ya torki kwa kipimo cha kitabu cha gari lako (Series 80, kwa mfano, ni Nm 96), halafu rudia baada ya kilomita 500 na tena baada ya 1,000. Nako inayovuja grisi na oili irekebishwe sili kwanza, la sivyo zitalowa tena.

Jimny inatetemeka kama ina homa

*Nilitoa 205/70R15 nikaweka 235/75R15 kwenye Jimny. Nikifika kilomita 65 hadi 70 kwa saa kwenye barabara ya Nakuru kuelekea Salgaa, nikipita ufa wa lami usukani unaanza kutetemeka vibaya hadi nisimame. Nimebadilisha dampa ya stiaringi, ikatulia wiki tatu, imerudi.*
Mwalimu, Njoro

Wiki tatu ndio muda ambao dampa mpya huweza kuficha plei. Kazi yake ni kutuliza mtikisiko mdogo. Ikibebeshwa kazi ya kingpini na bushi, hufa mapema.

Fuata mpangilio huu, na usiruke hata kama fundi anajua "mahali penyewe". Balansi ya magurudumu manne, kwa mashine, tope kavu likiwa limetolewa ndani ya rimu. Gramu chache za tope la Njoro lililokauka upande mmoja zinatosha kuanzisha mchezo. Kisha tazama kama tairi lenyewe ni la duara: lizungushe hewani karibu na kitu kilichosimama. Kisha beringi za gurudumu na za kingpini kwa jaribio la breki tulilolieleza. Kisha bushi za panhadi, ile rodi inayoshika ekseli isiende kushoto na kulia. Mtu akichezesha usukani, miisho ya panhadi isisogee hata kidogo. Kisha tairodi endi, vile viungo vya miisho ya tairodi.

Mara nyingi utaishia kwenye kingpini. Kwa Jimny, chini ya kila kingpini kuna shimu, sahani nyembamba sana, na kuna anayezitoa ili kubana beringi. Inasaidia kwa muda ikiwa beringi ni nzima. Toa beringi utazame njia yake: ukiona vishimo vidogo vilivyopangana mahali pamoja, beringi imejichimbia pale inapokaa ukienda moja kwa moja, na ukibana zaidi usukani utakuwa na mahali unapokwama katikati, kama kabati lenye kitasa cha sumaku. Weka beringi mpya pande zote mbili, juu na chini, pamoja na sili zake, maana maji ya mto ndiyo yaliyoua zile za kwanza. Pima ubanaji kwa mizani ya ndoano kwenye mkono wa nako tairodi ikiwa imetolewa, ulinganishe na kitabu. Dampa iwe ya mwisho.

Jambo la pembeni ambalo hukuuliza: tairi lako la zamani lina kimo cha milimita 668, jipya 733 na nusu. Saa ya mwendo ikionyesha 90, unaenda karibu 99. Ule mtetemo wa "70" unakukuta ukiwa 77. Ukikushika, usikanyage breki ghafla. Shika usukani kwa nguvu, achia mafuta, liache gari lipungue lenyewe hadi litulie.

Raki ya Prado haidumu Ahero

*Prado 120, nimeweka 285/70R17 na rimu za kutokeza nje. Ndani ya mwaka mmoja nimebadilisha raki ya stiaringi mara mbili na tairodi za ndani mara tatu. Nataka tairodi nene za chuma cha nguvu. Nafanya kazi za mashamba ya mpunga.*
Msomaji, Ahero

Hapa ushauri wetu ni kinyume cha ule wa magari yenye ekseli nzima, kama Defender ya barua inayofuata. Prado ina magurudumu yanayojitegemea na raki, mhimili wenye meno ulio mahali pa boksi. Tairodi ya ndani ikipinda, imeiokoa raki. Ukiweka nene, pigo litaenda moja kwa moja kwenye meno ya raki na nyumba yake ya alumini, na bei ya raki unaijua.

Kwa hivyo punguza mzigo. Shuka hadi 265/70R17 na rimu za kipimo cha asili. Utapoteza milimita 28 tu za kimo cha tairi, yaani 14 chini ya difu, na tairi litaacha kugonga pale mguu wa kebini unapokaa nyuma ya gurudumu.

Kisha tazama mipira ya mikunjo inayofunika miisho ya raki. Udongo mweusi wa nyanda za Kano hushika kama gundi, ukikauka unakuwa kama tofali, na usukani unapogeuka unauvuta mpira hadi uchanike. Maji na mchanga vikiingia, ule mhimili unaong'aa ndani ya raki unashika kutu. Kutu hiyo hukata sili, oili inaanza kuvuja. Ndiyo maana raki yako ya pili ilikufa haraka kuliko ya kwanza, hasa kama ilifungwa na mipira ya zamani. Kila wiki ya mpunga, geuza usukani mwisho wa upande mmoja, osha kwa mpira wa bomba wa kawaida (si mashine ya presha karibu na sili), pitisha kidole kwenye kila mkunjo, rudia upande wa pili. Mpira uliochanika ni wa kubadilishwa siku hiyo hiyo.

Bushi za raki nazo: mwenzako akichezesha usukani injini ikiwaka, raki nzima isisogee zaidi ya milimita mbili hivi. Ikiogelea, bushi mpya zitakurudishia usukani wa duka kwa pesa kidogo. Na ukiinua gari, usizidi milimita 50. Ukizidi hapo tairodi zinalala kwa pembe mbaya, kila tuta linageuza magurudumu kidogo.

Tairodi ya Defender imepinda, fundi anataka kuichomelea

*Defender 110, matairi ya inchi 33. Tairodi imepinda kama upinde baada ya kisiki. Fundi anasema ataitia moto ainyoshe, kisha achomelee angalani (chuma cha pembe) juu yake isipinde tena.*
Mwenye gari, Kakamega

Hapana kwa moto, hapana kwa kuchomelea. Chuma kilichopinda, kikatiwa moto, kikanyooshwa, hupinda tena pale pale kwa nguvu ndogo zaidi. Angalani inaongeza uzito na kuacha kingo za weldi ambapo ufa huanzia. Na tairodi ikikatika, gurudumu moja halina mwenyewe.

Weka rodi mpya nene. Kuna hesabu hapa inayofaa kuonyeshwa. Fimbo ngumu ya milimita 25 ilinganishe na bomba lisilo na mshono la milimita 35 nje na ukuta wa milimita 6. Ugumu wa kupinda hufuata kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne: 25 inatoa 390,625, bomba linatoa 1,500,625 toa 279,841 ya tundu la ndani, yaani 1,220,784. Bomba ni gumu mara tatu, ilhali chuma kimeongezeka kwa karibu sehemu moja ya tisa. Ndiyo sababu hutakiwi kumwambia fundi wa mashine "niwekee nondo nzito". Mwambie kipenyo na unene wa ukuta.

Akikata nyuzi, upande mmoja ziwe za kushoto, mwingine za kulia, ili rodi irefushwe na kufupishwa bila kufunguliwa. Tairodi endi iingie ndani ya rodi angalau mara moja na nusu ya kipenyo cha nyuzi zake: nyuzi za milimita 18, iingie 27. Weka alama ya rangi kwenye nyuzi upate kuona ikifunguka. Kabla ya kufunga, geuza usukani mwisho wa kushoto na kulia, halafu bana springi kwa jeki upande mmoja mmoja, uone bomba nene haligusi difu wala mikono ya ekseli.

Ukishaimarisha tairodi, jua kwamba kisiki kingine kitatafuta kilicho dhaifu baada yake: endi zenyewe, au rodi ya mbele inayotoka kwenye boksi. Kwa Defender tairodi iko nyuma ya ekseli, imejificha kidogo. Rodi ya boksi iko mbele, ndiyo inayokutana na vichuguu. Ifanye iwe na nguvu sawa, na uweke endi mbili za akiba chini ya kiti pamoja na splitipini.

Kisha pima uelekeo wa magurudumu. Inua mbele, zungusha kila gurudumu huku umeshikilia msumari thabiti katikati ya tairi hadi uchore mstari mwembamba. Shusha, sukuma gari mbele mita mbili ili springi zikae. Pima kati ya mistari miwili nyuma ya matairi kwenye kimo cha kitovu, kisha mbele kwa kimo hicho hicho. Magari mengi hutaka mbele papungue kidogo kuliko nyuma. Defender ni kinyume: mbele pawe sawa na nyuma au pazidi kwa hadi milimita 2, kwa kuwa magurudumu ya mbele yanasukumwa na injini wakati wote na hujivuta ndani yenyewe. Fundi aliyezoea pikapu atakukatalia, mwonyeshe kitabu.

Pitimani ya kushuka

*Nimeinua gari milimita 100 na kufunga pitimani ndefu ya kushuka ili rodi ilale vizuri. Sasa nikipanda matuta ya Kapsabet gari linaruka upande, na usukani umekaa ukitazama saa nane.*
Dereva, Kapsabet

Rodi ya boksi na panhadi lazima zilale kwa pembe moja na zikaribiane urefu. Zikifanana, ekseli ikipanda na kushuka zote mbili zinachora upinde mmoja na usukani hausikii. Umeshusha moja, nyingine umeiacha, kwa hivyo kila tuta ni mvutano kati yao. Ama rudisha pitimani ya asili, ama rekebisha kishikio cha panhadi kilingane nayo. Jaribio: gari limesimama, injini imezimwa, usukani huru, watu wawili waruke juu ya bampa. Usukani ukizunguka wenyewe, bado.

Pitimani ndefu pia ina deni lake: inazidisha nguvu inayopinda shafti ya boksi na kupanua ufa wa chesisi. Kwa matairi makubwa hatuipendi.

Usukani uliokaa kombo usiung'oe na kuurudisha juu ya meno. Hesabu mizunguko kutoka mwisho hadi mwisho, rudi nusu yake. Hapo ndipo katikati ya boksi. Kisha rekebisha urefu wa rodi ya boksi hadi magurudumu yatazame mbele.

Msaada wa haidroliki

*Land Cruiser 80, matairi ya 315/75R16, kazi ya magogo upande wa Mlima Elgon. Nimeshafanya yote mnayoshauri kila mara. Je, nifunge silinda ya haidroliki kwenye tairodi?*
Msomaji, Kitale

Kama kweli umefanya yote, ndiyo. Kwa tairi la karibu milimita 880 kati ya magogo, silinda huchukua mapigo ambayo vinginevyo yangepitia boksi. Boksi hutobolewa na kukatwa nyuzi pande zote mbili za pistoni yake, mipira miwili inaenda kwenye silinda, na kiungo cha kawaida cha chuma kinabaki. Kibaki daima: mifumo isiyo na kiungo cha chuma ni ya magari ya mashindano. Kwenye barabara ya Kitale hadi Kapenguria, mpira mmoja ukipasuka huna usukani kabisa.

Kuna makosa matatu ya kuepuka. La kwanza ni silinda kubwa kupita kiasi. Yenye tundu la milimita 50 na mwendo wa 200 hunywa karibu sentimita za ujazo 390 ikisukuma; ya 38 hunywa 227. Pampu ni ile ile, kwa hivyo ya 50 inakupa usukani wenye nguvu na uvivu, unaobaki nyuma ya mikono yako kwenye kona. Anza na 38.

La pili ni silinda kufika mwisho wake kabla ya magurudumu kufika kwenye skrubu za kuzuia mgeuko kwenye nako. Skrubu ndizo ziwe mwisho, silinda ibakiwe na milimita kadhaa kila upande. La sivyo inajing'oa kwenye ekseli.

La tatu ni joto. Ongeza kipoza oili kwenye mpira wa kurudi, mbele ya rejeta, pamoja na chujio, kwa sababu vumbi la chuma la kutoboa boksi huwa halitoki lote. Kutoa hewa: magurudumu juu, injini imezimwa, geuza mwisho hadi mwisho mara ishirini polepole ukiongeza oili, ndipo uwashe. Povu likionekana, zima, subiri litulie, rudia.

Chesisi pale boksi linapokaa ikaguliwe kabla ya haya yote. Ufa ukiwapo, toboa tundu la milimita 3 mwisho wake ili usiendelee, saga mfereji, chomelea, kisha sahani juu. Bolti zipite kwenye vipande vya bomba ndani ya chesisi isije ikabanwa. Na uiarifu kampuni yako ya bima kwa maandishi.

Oili gani?

*Nimeambiwa stiaringi hula oili yoyote, hata ya injini. Gari ni Hilux.*
Msomaji, Kericho

Si yoyote. Stiaringi za haidroliki za Toyota hutumia oili ya gia otomatiki ya aina ya Dexron II au III, ile nyekundu. Usichanganye na ya injini, na ya breki usiikaribishe kabisa. Huvimbisha sili hadi zivuje zote. Ikiwa imegeuka kahawia na inanuka kuungua, chomoa mpira wa kurudi kwenye chupa, uzibe tundu ulipotoka mpira huo, mimina mpya huku ukigeuza usukani magurudumu yakiwa hewani, hadi inayotoka iwe nyekundu kama inayoingia. Na ukifika mwisho wa kona usiushikilie usukani pale kwa zaidi ya sekunde chache; ule mlio unaousikia ni pampu ikijipikia oili.